Msaidizi anayefunguka katika dirisha la mwingine: historia ya kosa la zamani

Katika sekretaria za Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, ordinateri moja hutumikia watu wengi asubuhi moja. Mmoja ameleta barua ya kuomba kazi. Mwingine anataka karatasi ya kupeleka kwa shefu wa kartie. Wa tatu amebeba daftari lenye majina ya kaya zilizofika wiki hiyo, na anataka majina yapangwe vizuri kabla ya kuyapeleka kwa wale wanaogawa misaada. Mwenye kuandika anafungua kazi zote tatu kwa mara moja. Zinapandana kwenye kioo, moja juu ya nyingine, kama karatasi juu ya meza ndogo.

Sasa programu za biro zinakuja na msaidizi wake. Unamwambia akuandikie barua, naye anaandika. Unamwambia afupishe maneno, anafupisha. Lakini akifunguka katika dirisha ambalo silo, maneno ya barua ya kazi yanaweza kuanguka katikati ya orodha ya majina. Au anaweza kusoma karatasi ya mteja mwingine na kujibu kwa habari zake. Mwenye kuandika asipoona haraka, akaweka faili na kuchapa, karatasi yenye kosa inaondoka na mwenyewe.

Wengi wakiona hivyo wanasema masini imeharibika, ao ina virusi. Mara nyingi masini ni nzima. Kosa hili lina historia ndefu, na mafundi wamelirekebisha mara kadhaa, kila mara kwa njia tofauti. Anayejua historia hiyo anajua pia wapi pa kuangalia.

Dirisha lilitoka wapi

Zamani kioo cha ordinateri kilikuwa na kazi moja tu. Ulichoandika kwenye klavie kilikwenda mahali pamoja, maana hapakuwa mahali pengine. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1968, mjini San Francisco, Marekani, mhandisi Douglas Engelbart alionyesha mbele ya watu kipanya, ile wengi wetu tunaiita suri, na kioo kilichogawanywa sehemu mbalimbali. Miaka ya 1970, katika maabara ya Xerox PARC kule Palo Alto, California, wataalamu walitengeneza ordinateri iliyoitwa Alto. Juu ya kioo chake madirisha yaliweza kupandana kama karatasi.

Hapo swali jipya likazaliwa. Kioo kina madirisha manne, lakini klavie ni moja. Mtu akibonyeza herufi, ni dirisha gani litaipokea?

Jibu lililokubaliwa ni hili: kila wakati dirisha moja tu ndilo lenye zamu. Hilo ndilo linalosikiliza klavie. Mengine yanaonekana, lakini yamenyamaza. Ili mtu alitambue, mstari wa juu wa dirisha lenye zamu hupewa rangi tofauti, na ndani yake kistari kidogo kinawaka na kuzima mahali herufi itakapoanguka.

Katika maabara hiyo alikuwepo Larry Tesler, mmoja wa watu waliotuletea kazi ya kukata maneno na kuyabandika mahali pengine. Tesler alifariki mwaka wa 2020. Maisha yake ya kazi aliyatumia kupigana na kitu kimoja: masini ambayo kidole kilekile, juu ya herufi ileile, kinaleta matokeo tofauti kwa sababu masini iko katika hali nyingine ambayo mtu hakuiona. Alichukia jambo hilo mpaka namba ya gari lake ikabeba maneno ya kulikataa. Msaidizi anayeandika katika dirisha lisilo lake ni mtoto wa tatizo hilo. Mtu anafikiri yuko hapa, masini inafikiri yuko pale.

Apple ilileta Macintosh mwaka wa 1984. Microsoft ilileta Windows ya kwanza mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1985. Katika Windows hiyo ya kwanza madirisha ya programu hayakupandana. Yalipangwa kandokando, kama vigae. Kupandana kulikuja na Windows ya pili, mwaka wa 1987. Kuanzia hapo karatasi moja iliweza kujificha nyuma ya nyingine, na mtu aliweza kusahau ile ya nyuma.

Nyumba, mbwa, na kibanio cha karatasi

Katikati ya miaka ya 1990, ordinateri zilianza kuingia katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuzigusa. Microsoft iliogopa kwamba wengi watashindwa. Ikaamua kuwapa mwenzao wa kuwaongoza.

Jaribio la kwanza liliitwa Microsoft Bob, mwaka wa 1995. Kioo kilionyesha vyumba vya nyumba. Ukitaka kuandika barua, unabonyeza kalamu juu ya meza. Mbwa mmoja, jina lake Rover, anakaa pembeni akikuambia la kufanya. Bob haikupata wanunuzi. Mwaka wa 1996 iliondolewa sokoni.

Lakini wazo halikufa. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Byron Reeves na Clifford Nass, walikuwa wameonyesha katika utafiti wao kwamba mtu anapotumia ordinateri anaifanyia kama vile anavyomfanyia mtu. Anaionea aibu, anaipa heshima, anaikasirikia. Microsoft ikaona kwamba msaidizi mwenye sura na macho angefaa.

Office 97 ilitoka mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1996. Hapa Kivu mwezi huo unakumbukwa kwa mambo mengine kabisa: vita vilikuwa vimeingia Bukavu na Goma, na maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa njiani, wengine wakirudi, wengine wakikimbilia misituni. Programu hiyo ilifika katika biro zetu baadaye, na kwa sababu masini nyingi zilikuja na lugha ya Kifaransa, msaidizi wake hapa alikuja na jina la Kifaransa. Kwa Kiingereza aliitwa Clippit, na watu wakamwita Clippy. Katika Office ya Kifaransa aliitwa Trombine.

Trombine alikuwa kibanio cha karatasi, kile kidogo cha waya ambacho bironi wanakiita trombone. Alikuwa na macho mawili makubwa na nyusi zinazopanda na kushuka. Aliyemchora ni Kevan Atteberry, mchoraji wa Marekani. Hakuwa peke yake: mtu angeweza kumbadilisha na kuweka paka, mbwa, roboti, mzee mwenye nywele za kusimama kama Einstein, ao mtu mwenye sura ya Shakespeare. Lakini Trombine ndiye aliyefunguka wa kwanza, na ndiye watu wanayemkumbuka.

Kazi yake ilijulikana kwa jambo moja. Ukianza kuandika maneno ya salamu kama ya mwanzo wa barua, anaruka na kusema kwamba inaonekana unaandika barua, anauliza kama unataka msaada. Ukikataa leo, kesho anauliza tena.

Kisanduku kinachoelea

Katika Office 97 Trombine alikaa ndani ya kisanduku chake, dirisha dogo linaloelea juu ya kazi ya mtu. Tena alikuwa mmoja kwa programu zote za Office. Aliyeandika barua katika Word na kupiga hesabu katika Excel alikuwa na msaidizi yuleyule pande zote mbili, na ukibadilisha mapenzi yako kuhusu yeye katika programu moja, yanabadilika katika zote.

Matokeo yake, msaidizi alifunika maneno ambayo mtu alikuwa anayasoma. Waliomtengeneza walilijua hilo. Ndiyo sababu waliweka chaguo la kumwambia ajisogeze akiwa amesimama njiani. Katika Office 2000, iliyotoka mwaka wa 1999, walimtoa katika kisanduku, akabaki anaelea bila fremu. Marekebisho hayo yalihusu mahali pa mwili wake. Swali lenyewe lilibaki bila jibu: huyu msaidizi ni wa karatasi ipi, na nani amemwita?

Mtaalamu aliyejificha

Nyuma ya Trombine kulikuwa na utafiti mzito kuliko watu wanavyodhani. Katika maabara ya Microsoft, Eric Horvitz na wenzake walianza mwaka wa 1993 kazi waliyoiita Lumière. Walitaka masini ikadirie, kwa hesabu za uwezekano, mtu anataka kufanya nini na kama kweli anahitaji msaada. Sehemu tu ya kazi hiyo ndiyo iliyoingia katika Office 97. Vishawishi vingi vya Trombine vilibaki kanuni nyepesi: ukifanya hiki, naye anasema kile.

Katika utafiti huo walifanya jaribio moja linalostahili kusimuliwa. Waliweka mtu mbele ya ordinateri afanye kazi katika Excel. Katika chumba kingine aliketi mtaalamu anayeona kioo cha yule mtu peke yake, bila kumwona uso wala kujua amepewa kazi gani. Mtaalamu alikisia mtu anataka nini na kumtumia mashauri kwenye kioo. Mtu alidhani mashauri yanatoka kwa masini.

Mara nyingine mtaalamu alikisia vibaya. Basi mtu yule, badala ya kuyaacha mashauri, aliyafuata. Aliacha kazi yake na kuanza kujaribu kile alichoambiwa. Mtaalamu, akimwona anajaribu, aliamini kwamba alikisia sawasawa, akaendelea kumshauri katika njia ileile ya kosa. Wawili hao walizidi kwenda mbali na kazi yenyewe, kila mmoja akidhani mwenzake anajua njia.

Kumbe hata binadamu mwenye elimu, akitazama dirisha peke yake, anaweza kukosa. Na anayeshauriwa, akiona sauti ya masini, anaweza kuiamini kuliko akili yake. Mwaka wa 1999 Horvitz aliandika kanuni za namna masini na mtu wanavyopaswa kugawana kazi. Kati ya hizo, alisisitiza kwamba kumkatiza mtu kuna gharama, na gharama hiyo lazima ihesabiwe kabla ya msaidizi kufungua kinywa.

Programu zinazoruka mbele

Wakati huo huo, mafundi wa Windows walikuwa na ugomvi wa namna hiyohiyo. Programu yoyote iliweza kujileta mbele na kuchukua zamu ya klavie. Mtu anaandika barua, ghafla kisanduku kinafunguka, na herufi zake tatu za mwisho zinaanguka humo. Akiwa anabonyeza kitufe cha kuingiza wakati huo, amekubali jambo ambalo hakulisoma.

Katika Windows 98 na Windows 2000 waliweka sheria. Programu iliyo nyuma haikuruhusiwa tena kunyakua zamu hivyohivyo wakati mtu anafanya kazi mahali pengine. Ikitaka kuonekana, kitufe chake katika mstari wa chini wa kioo kinawaka na kuzima, kama mtu anayeinua mkono na kungoja. Mwenye masini ndiye anaamua kama ataitika. Kuwaka huko bado kunaonekana katika Windows za leo, ingawa wachache wanajua kulitoka wapi.

Kufukuzwa kwa Trombine

Mwaka wa 2001 Office XP ilitoka huku Trombine akiwa amezimwa tangu kiwandani. Aliyemtaka alilazimika kumwita. Microsoft yenyewe ilitengeneza matangazo ya kumcheka, yakimwonyesha kibanio aliyepoteza kazi, na sauti yake ilifanywa na mchekeshaji Gilbert Gottfried. Mwaka wa 2007 Office mpya ilitoka bila yeye kabisa.

Clifford Nass, yule wa Stanford, alisimulia baadaye namna alivyojaribu kumfanya Trombine apendwe. Hakumwongezea akili hata kidogo. Katika jaribio lake, msaidizi alimuuliza mtu kama msaada umefaa. Mtu akisema hapana, msaidizi alikasirika pamoja naye na kumwambia waandike malalamiko kwa Microsoft. Watu walimpenda huyo wa pili, ingawa hakuwa na ujuzi wowote zaidi ya wa kwanza. Walichokuwa wanakosa ni msaidizi anayesimama upande wao.

Kila karatasi na dirisha lake

Rekebisho kubwa zaidi lilifanyika kimya. Zamani dirisha moja kubwa la programu lilibeba karatasi nyingi ndani yake. Ukifungua barua tatu, zote zinakaa ndani ya Word moja, na vifaa vilivyo pembeni vinatumika kwa yoyote iliyo mbele. Kuanzia Word 2000, kila barua ilipata dirisha lake na kitufe chake katika mstari wa chini. Excel ilichelewa mpaka toleo la 2013.

Badiliko hilo liliwasumbua watengenezaji wa programu ndogo za kuongeza ndani ya Excel. Zamani safu yao ya pembeni ilifunguka mara moja na kuonekana kwa faili zote, maana dirisha lilikuwa moja. Katika Excel 2013 safu ilishikamana na dirisha la faili moja. Mtumiaji akihamia faili nyingine, safu haipo. Inabaki imefunguliwa nyuma, katika dirisha la kwanza. Watu waliona kama msaidizi amepotea ao amefunguka mahali pasipo pake. Microsoft iliwaandikia mafundi kuwaeleza kwamba sasa kila dirisha linahitaji safu yake, na kwamba programu lazima ijue mtu amehamia wapi.

Tangu hapo kanuni ikawa wazi: msaidizi ni wa karatasi, na karatasi ina dirisha lake. Akikaa katika dirisha la barua, anahusika na barua hiyo peke yake. Kwa yule anayetumikia wateja watatu kwa masini moja, hiyo ni habari njema, mradi aijue.

Msaidizi mpya na hatari mpya

Tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka wa 2023, Microsoft ilitangaza msaidizi mpya wa Office, Copilot. Makampuni yalianza kumnunua mwezi wa kumi na moja mwaka huo. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2025 aliingizwa pia katika malipo ya Office ya watu binafsi na familia. Tofauti yake na Trombine ni kubwa. Trombine alishauri tu, mkono ulibaki wa mtu. Copilot anasoma karatasi na kuandika mwenyewe, na kwa kazi hiyo anategemea intaneti. Mahali ambapo mtandao unakatika, atafunguka na kubaki kimya.

Tena jina moja limepewa vitu zaidi ya kimoja. Kuna Copilot anayekaa pembeni ndani ya Word. Kuna Copilot mwingine wa Windows, programu inayosimama peke yake katika dirisha lake. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2024 Microsoft ilitangaza kitufe kipya cha Copilot kwenye klavie za masini mpya. Kwa mtu wa kawaida, kitufe hicho hufungua ile programu inayosimama peke yake. Mwenye kuandika anabonyeza akidhani anamwita msaidizi wa barua yake, kumbe amefungua dirisha jingine ambalo halikupewa barua ile. Anauliza juu ya barua, anajibiwa maneno ya jumla tu. Hapo ndipo wengi wanasema msaidizi amekuwa mjinga, na hali wamemwita mwingine.

Namna ya kumrudisha mahali pake

Mambo yafuatayo yanatoka moja kwa moja katika historia hiyo, na hayahitaji fundi wa kulipwa.

La kwanza, kabla ya kumwita msaidizi, bonyeza ndani ya maneno ya karatasi unayotaka, mahali ambapo kistari kitawaka. Hapo umelipa dirisha hilo zamu. Soma jina la faili katika mstari wa juu. Kama faili zote zinaitwa Document1, Document2 na Document3, zihifadhi kwanza na uzipe majina yanayoeleweka.

La pili, mwite msaidizi kwa kitufe kilicho ndani ya Word yenyewe, katika sehemu ya Accueil. Kitufe cha klavie kiache kwa kazi nyingine.

La tatu, kama safu yake imefunguka katika dirisha lingine, ifunge kwa alama ya msalaba, rudi katika karatasi yako, bonyeza ndani yake, halafu uifungue upya. Kuivuta kwa kipanya kutoka dirisha moja kwenda jingine hakusaidii, kwa sababu imeshikamana na faili yake.

La nne, kama maneno tayari yameanguka katika karatasi ya mwingine, usihifadhi na usifute kwa mkono. Ukiwa katika dirisha hilo, bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja mpaka karatasi irudi kama ilivyokuwa. Kufuta kwa mkono kunaweza kuondoa pia mstari wa mwenyewe.

La tano, kama huhitaji msaidizi, mzime. Katika Word ya Kifaransa ingia Fichier, halafu Options, halafu Copilot, na uondoe alama mbele ya maneno yanayosema aamilishwe. Hilo linafanyika katika kila programu, na katika kila masini. Ukimzima ndani ya Word, katika Excel bado yupo. Sehemu hiyo isipoonekana, toleo la masini hiyo ni la zamani ao halina Copilot, na hakuna la kuzima.

Kwa nini jambo hili linagusa familia

Mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani akikosea dirisha, anapoteza dakika tano. Katika sekretaria inayotumikia watu waliokimbia makwao, kosa hilohilo lina uzito mwingine. Orodha ya kaya ina majina ya wazazi, hesabu ya watoto, kijiji walichotoka, mara nyingine namba ya telefone. Jina likiruka mstari, kaya inaweza kufika siku ya kugawa na kukuta haimo. Na habari za mtu zikiingia katika barua ya mtu asiyemjua, hakuna anayejua zitaishia mikononi mwa nani. Katika nchi ambako watu wamekimbia kwa sababu ya kujulikana ni nani na wametoka wapi, hiyo si habari ndogo.

Lipo pia hili: msaidizi wa siku hizi hafanyi kazi yote ndani ya masini. Maneno anayopewa yanasafiri kwa intaneti mpaka ordinateri za kampuni mbali na hapa. Mteja aliyeleta daftari la majina ana haki ya kuuliza kama orodha yake imepitishwa huko, na mwenye kuandika ana deni la kumjibu ukweli.

Mteja naye ana sehemu yake. Anaweza kuomba karatasi za wengine zifungwe kabla yake kufunguliwa. Anaweza kusimama upande wa kioo na kusoma jina la faili pamoja na mwenye kuandika. Asiyejua kusoma anaweza kuomba asomewe orodha kwa sauti kabla haijachapwa, jina kwa jina, na kuhesabu kwa vidole kama kaya zimetimia. Kazi hiyo inachukua dakika chache, na mwandishi mzuri hatakasirika.

Kutoka Alto mpaka leo imepita zaidi ya miaka hamsini. Kila mara watengenezaji walipojaribu kumfanya msaidizi akisie zaidi, watu walichoka naye. Marekebisho yaliyodumu yalikuwa mepesi: rangi ya dirisha lenye zamu, kitufe kinachowaka na kungoja, safu inayokaa na karatasi moja, na mahali pa kumzima. Yote hayo yanamrudishia mtu mwenyewe uamuzi wa karatasi ipi inaandikwa sasa. Yapo tayari ndani ya masini nyingi za sekretaria zetu, hata zile za zamani zilizonunuliwa okazio. Kinachobaki ni kutazama mstari wa juu kabla ya kuandika, na kuutazama tena kabla ya kuchapa.